Kompyuta Ndogo ya Shukrani ya Bibi

Ilianza Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Dakika hizo nina uhakika nazo kwa sababu niliziandika kwenye daftari langu. Wakati ule niliandika kila kitu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na daftari ndilo pekee lililokubali kunisikiliza bila kunitaka nipaze sauti.

Juzi hita za jengo letu ziliwashwa kwa mara ya kwanza msimu huu. Kama na wewe umekulia kwenye maghorofa ya Scarborough, huku Toronto, harufu ile unaijua: vumbi la kiangazi kizima linaungua ndani ya bati, na nyumba nzima inanuka kama nywele zilizokaribia moto. Ilinikuta nachana nywele, chanuo likabaki hewani. Kichwani nikamwona tena bibi yangu, kama siku ile, amesimama sebuleni na mwiko mkononi, anabonyeza kibodi ya kompyuta kwa mbali, kama mtu anayemsukuma nyoka. Nikacheka peke yangu. Halafu nikaona niandike, kwa sababu ile ndiyo siku ninayoirudia kichwani kila ninapoambiwa nisimame mbele ya darasa.

Bibi ni mama yake mama. Alikuja kututembelea kutoka Upareni, akakaa nasi miezi mitatu, na Jumanne iliyofuata angerudi nyumbani. Kabla ya safari alitaka kutoa shukrani kanisani. Kwa asiyejua, shukrani kwetu ni hivi: mtu anaitwa mbele, anasimama na familia yake, anasema Mungu amemtendea nini, kisha anaimba wimbo aliouchagua mwenyewe na kanisa zima linamsaidia. Kusaidiwa ndiko kwenye uzito. Ukiimba shukrani peke yako, watu wakikutazama tu mikono mapajani, unaonekana kama mgeni aliyekosea mlango.

Na wimbo wa bibi hakuna aliyeujua. Uliimbwa na kwaya ya akina mama wa kijijini kwao, haupo kwenye kitabu chochote. Kwa hiyo maneno yalitakiwa yaonekane ukutani kwa projekta, kama nyimbo nyingine. Lakini kompyuta ya kanisa letu ilikuwa imekufa wiki mbili kabla, na mjomba Elia, kaka yake mama anayefanya kazi za kompyuta kule Markham, aliyeahidi kuja na yake, alitumwa safari ya kikazi ghafla. Ijumaa alipita nyumbani mbiombio na kuniachia boksi dogo. Ndani yake mlikuwa na kompyuta isiyo na skrini wala kibodi, bodi moja tu ya kijani yenye ukubwa wa karata, na kadi ndogo ya kumbukumbu.

"Humo kwenye kadi kuna Linux ya kuanzia," alisema huku anavaa viatu. "Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa wote, hakuna anayekudai leseni. Utaifuata hatua kwa hatua, itakuuliza maswali, utajibu. Ikikaa sawa, unaichomeka kwenye projekta ya kanisa, basi."

Nilitikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa ndiyo ilikuwa lugha yangu. Mama naye akafurahi, akaandika kwenye kundi la kanisa kwamba binti yake atashughulikia mambo ya ukutani. Na mama akishasema kwenye kundi la kanisa, limeshasemwa.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi mama alikuwa ameshaondoka na basi la alfajiri kwenda kazini, kwenye nyumba ya wazee anakofanya uuguzi. Tulibaki mimi na bibi. Nilichomeka kadi, nikaunga waya kwenye televisheni, nikaunga kibodi, nikachukua chaja ya simu yangu na kuipa bodi umeme. Taa nyekundu ikawaka, na ya kijani pembeni yake ikaanza kupepesa. Televisheni ikawa nyeusi, halafu mistari myeupe ikaanza kumiminika kutoka juu kwenda chini, mingi, upesi, nami sikuelewa hata mmoja. Nilihisi nimefungua mlango wa chumba ambamo watu wengi walikuwa wakizungumza.

"Mke mwenzangu," bibi alisema kutoka kwenye kochi. Kwao bibi na mjukuu ni watani, na tangu nizaliwe aliniita mke mwenza, tunagombea mume mmoja, babu, ambaye mimi sikuwahi kumwona. "Hiyo karata ndiyo itakayoniimbisha?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, neno moja. Lazima niwe mkweli hapa: Kiswahili nilikielewa chote, lakini kinywani kilikuwa kinanikwama. Niliogopa kuchekwa. Miezi mitatu yote bibi aliniuliza kwa Kiswahili, nikamjibu kwa Kiingereza au kwa kichwa, naye akaendelea kuniuliza kana kwamba nimejibu vizuri kabisa.

Ndipo kwenye kona ya televisheni ikatokea alama ya radi, ya njano.

Bibi aliiona kabla yangu. "Toa mkono," alisema.

Nikautoa.

"Alama hiyo kwetu hubandikwa kwenye transfoma, na chini yake wanachora fuvu. Huo ni umeme wa kuua."

Hata mimi nilikuwa nimeiona kwenye yale masanduku ya umeme yanayokaa kwenye majani nyuma ya plaza, na shuleni tulishaonywa tusiyakalie. Kwa hiyo nilimwamini moja kwa moja. Na wakati huohuo, naapa, nikasikia harufu ya kuungua. Tukatazamana. Skrini ilikuwa inasubiri nibonyeze kitufe cha kukubali, radi inawaka na kuzimika, na harufu inaongezeka.

Bibi aliingia jikoni akarudi na mwiko wa kusongea ugali. "Mti haupitishi umeme. Si mmefundishwa shuleni?" Akanyoosha mkono wote, akageuza uso pembeni, akakibonyeza kitufe kwa ncha ya mwiko. Kompyuta ikakubali, ikaenda hatua ya pili. Akabonyeza tena. Tulivuka maswali mawili namna hiyo, mimi nikimwonyesha kitufe kwa kidole kutoka nyuma ya kochi, naye akipiga kwa mwiko. Sidhani kama wale waliouandika mfumo ule waliwahi kufikiria kuna nyumba ungesimikwa kwa mwiko wa ugali.

Harufu ilipozidi, bibi alienda kwenye kisanduku cha swichi karibu na mlango na kuzima nyumba nzima. Friji likanyamaza. Televisheni ikafa. Tulisimama tukinusa.

"Mbona bado inanuka?" aliuliza.

Nikaiinamia bodi na kuinusa.

"Kitu kikizimwa hakiendelei kuungua. Huyu si yeye." Akaanza kufuata pua yake, akainama ukutani kama anatafuta panya, mpaka akafika dirishani. Akaweka kiganja juu ya hita, ambayo jengo lilikuwa limeiwasha asubuhi hiyo na haikutegemea swichi zetu. "Ni hili bati. Ni vumbi lenu hili. Mnakaa humu mwaka mzima hamfuti hata bati."

Hofu ya moto ikaisha, lakini radi ilibaki. Nilikaa chini, nikatoa kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi, kile ambacho kila mtu hukitupa, nikakisoma chote. Kwenye ukurasa wa mwisho niliikuta radi yangu, imechorwa vilevile. Maana yake haikuwa umeme wa kuua. Maana yake ni kwamba umeme unaoingia ni mdogo mno. Chaja ya simu yangu haikuitosha.

Bibi alikuwa anasubiri nimwambie. Nilitafuta maneno, nikayapata machache. "Bibi, ana... ana njaa."

"Nani?"

"Kompyuta. Anataka umeme zaidi."

Alikaa akanitazama, halafu akaanza kucheka hadi akashika goti. "Kumbe ana njaa, na sisi tunamkimbia." Alirudisha mwiko jikoni. Nikachukua chaja nene ya simu ya mama, nikaichomeka kwenye bodi, nikawasha swichi, nikaanza upya tangu mstari wa kwanza. Radi haikurudi.

Safari hii nilijibu maswali mwenyewe. Nchi gani. Kibodi ya aina gani. Lugha gani: nilishuka orodha ndefu, lugha ambazo sikujua kama zipo duniani, mpaka nikaikuta ya kwetu na Tanzania imeandikwa mbele yake. Nilikaa nayo kidogo. Sikuichagua, niliogopa nisielewe menyu, lakini nilimwita bibi aje aione. Aliisogelea televisheni, akaigusa kwa kidole. "Wametuweka," alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Swali lililofuata lilikuwa saa. Je, kompyuta itafute saa yenyewe, au nitaiweka kwa mkono? Nikachagua mkono. Nilikuwa nimeanza kujiona fundi. Mbele yangu mezani palikuwa na saa ya bibi, ile aliyoitumia kupimia maharage. Nikaitazama, nikaandika tarakimu zake, nikasonga mbele.

Mfumo ulimaliza kujisimika kabla ya saa saba. Ilitokea picha ya mbele, safi, yenye kishale cha kipanya katikati kinachonisubiri mimi. Hisia ile sijui niifananishe na nini. Kitu ambacho asubuhi kilikuwa karata sasa kilikuwa kompyuta, na nilikuwa nimekifanya mimi. Iliyobaki ilikuwa kuvuta kutoka kwenye intaneti programu ya kuandikia na kuonyesha maneno ukutani. Nikaandika amri kama mjomba alivyoniandikia kwenye karatasi, nikabonyeza.

Ikakataa. Mistari ilisema faili linalotakiwa bado halijafikia wakati wake, litakubalika baada ya saa tano na dakika arobaini.

Sasa wewe uliye na akili ungejiuliza kulikoni. Mimi nilikuwa mtoto mtiifu. Nimeambiwa nisubiri, nikakaa kusubiri. Nilidhani ndivyo mambo ya bure yalivyo, kwamba kuna foleni mahali fulani, watu wenye haraka wanatangulizwa, na zamu yangu itafika jioni. Ilikuwa saa saba na robo mchana. Nikahesabu kwa vidole: zamu yangu ingefika karibu saa moja ya jioni.

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu simu ya nyumbani ilikuwa na ujumbe wa sauti wa Baba Neema, mzee wa kanisa anayesimamia ibada. Alikuwa mpole, na upole wake ulinichoma kuliko karipio. "Binti yetu, usijisumbue sana. Ikishindikana tutaimba zile za Kiingereza za wenye kanisa, hawa wanaotuazima jengo, zipo tayari kwenye mashine yao, ingawa haturuhusiwi kuongeza zetu humo. Ila niambie kabla ya saa kumi na mbili jioni, niwajulishe wapiga vyombo. Bibi ataelewa."

Bibi aliusikia. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa mkononi. "Acha tu, mke mwenzangu," alisema. "Nitaimba mwenyewe. Zima mashine yako tule."

Nilielewa vibaya. Nilidhani ananiambia kwamba alijua tangu mwanzo sitaweza. Niliinama nikaangalia zulia ili asione macho yangu. Miaka baadaye mama alinisimulia kwamba wiki nzima ile bibi alikuwa akifungua bomba la bafuni ili tusimsikie akifanya mazoezi ya kuimba peke yake, na kwamba alimuuliza mama kama watu wa huku huwacheka wazee. Alikuwa na hofu kama yangu ileile. Aliniambia acha kwa sababu alitaka kuniondolea mzigo, akaubebe yeye. Lakini siku hiyo sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba nimeshindwa mbele ya mtu ambaye sikuwahi kumjibu sawasawa.

Tulikula maharage. Bibi akaelekeza kijiko kwenye televisheni. "Inasemaje huko, mpaka umenuna?"

Kwa Kiingereza asingeelewa. Hakuwepo mtu wa kutafsiri. Nikaanza, neno kwa neno, kama mtu anayevuka barabara yenye barafu. "Inasema... kile kitu ninachotaka... wakati wake haujafika. Nisubiri saa tano na kitu."

"Kitu kipo au hakipo?"

"Kipo. Lakini inasema ni cha baadaye. Leo jioni."

"Kipo, lakini ni cha jioni." Alitafuna. "Kwani huko kwake sasa hivi ni saa ngapi?"

Nikatazama kona ya skrini. Saa moja na dakika ishirini, asubuhi. Nje jua lilikuwa utosini.

Saa ya bibi ilikuwa mezani, kati ya chumvi na jagi la maji, na mshale wake mfupi ulikuwa umeipita saba kidogo. Bibi alipofika Toronto, kitu cha kwanza alichofanya ni kuichukua saa yetu ya mezani na kuizungusha mpaka mshale ulipoelekea namba anayoitamka mdomoni. Saa inayoonyesha moja wakati watu wazima wanasema saba, alisema, ni saa mwongo. Mimi na mama tulishaizoea, tunaisoma bila hata kufikiri. Na asubuhi ile niliinakili kama ilivyo, nikaipa kompyuta. Nilikuwa nimeirudisha nyuma saa sita nzima. Kila kitu kilichotengenezwa leo kilionekana kwake kimetoka siku zijazo, na yeye, kwa adabu zake zote, alikuwa anakataa kupokea kitu ambacho hakijatokea.

"Bibi, ni saa yako," nilisema.

"Saa yangu imefanya nini?"

"Nimempa saa yako. Anadhani ni asubuhi."

Aliweka kijiko chini. "Basi mrekebishe. Mwambie hapa mchana, na maharage yameshaiva."

Nikafungua mipangilio, nikaandika saa saba na dakika ishirini na tano za mchana kwa namna inayoijua yeye. Nikarudia amri ileile. Mistari ilitulia sekunde mbili, kisha ikaanza kukimbia, faili baada ya faili, na asilimia zikapanda mpaka mia. Nilisimama juu ya kochi. Sikupiga kelele, si desturi yangu, ila nilisimama juu ya kochi na viatu vya ndani, na bibi hakunikemea.

Kuandika wimbo kulikula alasiri yote. Bibi hakuweza kunisomea maneno, ilibidi ayaimbe, na kila nilipomsimamisha nimalize kuandika, alirudi mwanzo. "Katikati siujui," alisema. "Ni kama ngazi, siwezi kuanzia ya tano." Akaimba: Ulinipa njia kabla ya miguu, ulinipa asubuhi kabla ya macho. Na kiitikio: Nishukuru lipi, niache lipi? Mara ya tisa nilikuwa naimba naye chinichini bila kujua. Alinisikia, akaendelea kutazama dirishani kama hajasikia, akapunguza sauti yake kidogo ili yangu ipite.

Saa kumi na moja na nusu jioni niliipiga picha televisheni yenye ubeti wa kwanza, nikamtumia Baba Neema. Chini yake niliandika: Iko tayari. Yalikuwa maneno mawili tu ya Kiswahili, na niliyasoma mara nne kabla ya kuyatuma.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, niliibeba kompyuta ndani ya kofia yangu ya sufi hadi kanisani. Projekta ilikuwa juu ya meza ya nyuma. Nilichomeka nyaya, na wapiga vyombo wawili wakaja kutazama hiyo karata. "Hii?" mmoja akauliza. "Hii ndiyo yote?" Nikatikisa kichwa kukubali. Ukuta ukawaka.

Bibi aliitwa mbele. Alikuwa amevaa kitenge chake cha zambarau, na mama amesimama kando yake. Alisema anamshukuru Mungu asiye na mipaka wala viza, watu wakacheka. Kisha akaanza kuimba, sauti nyembamba, macho chini. Nikaleta maneno ukutani. Mstari wa kwanza alikuwa peke yake. Mstari wa pili nikasikia sauti kama nne. Kilipofika kiitikio kanisa lote lilikuwa limesimama, watoto waliokulia huku kama mimi wakisoma ukutani maneno ambayo hawajawahi kuyaona, na mpiga ngoma ameshalipata pigo lake. Nishukuru lipi, niache lipi? Bibi aliinua macho. Nilibadilisha beti moja baada ya nyingine, sikukosea hata moja.

Wimbo ulipokwisha, Baba Neema alichukua maikrofoni akatazama nyuma. "Tumwombe binti yetu aliyetengeneza mashine hii aje mbele atusalimie."

Vichwa vyote viligeuka. Mama alinipungia niende. Miguu yangu haikutaka, na bado leo isingetaka. Lakini mikono yangu ilikuwa juu ya kibodi, na ukuta mzima wa mbele ulikuwa wangu. Nikafungua ukurasa mtupu. Watu wakaona weupe. Nikaandika polepole, herufi zikitokea moja moja kule mbele, kubwa kama madirisha:

Bwana asifiwe. Naomba bibi aimbe tena.

Kanisa lililipuka kwa kicheko na makofi. Bibi alichukua maikrofoni mkononi mwa Baba Neema. "Mke mwenzangu," alisema, "nipe ubeti wa kwanza."

Nikampa.